Mashine Imezimwa, Sikio Bado Linavuma

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tunazungumzia tatizo lililomo katika nyumba nyingi, ingawa ni wachache wanaolitaja. Ni mvumo wa masikio unaobaki baada ya sikio kuumizwa na kelele. Tumelichagua kwa sababu tumeona jamaa zetu wakitumia fedha nyingi kununua vidonge vya virutubisho wakitumaini kuondoa mvumo huo. Je, vidonge hivyo vinasaidia? Na kama havisaidii, mgonjwa afanye nini?

Chupa sita chini ya kitanda

Baba mmoja tunayemfahamu anaendesha mashine ya kusaga nafaka. Ameruhusu tueleze habari zake bila kumtaja jina. Kwa miaka kumi na saba amesimama karibu na injini kuanzia asubuhi hadi jioni, masikio wazi. Jioni huzima mashine, hujikung'uta unga, hufunga mlango na kurudi nyumbani. Lakini kichwani mwake mashine haizimiki. Anasikia sauti nyembamba, kama ya nyenje wakati wa kiangazi, na inazidi anapolala na nyumba ikawa kimya.

Mwanzoni alinyamaza. Aliogopa kuambiwa kuwa amerukwa na akili, au kwamba kuna mtu anamchezea. Baadaye muuzaji mmoja aliyepita sokoni alimwambia kuwa masikio yake yamekosa virutubisho. Alimuuzia chupa moja ya vidonge, kisha ya pili, na nyingine zaidi. Tulipomtembelea, mkewe alivuta sanduku kutoka chini ya kitanda akatuonyesha chupa sita tupu.

"Hizi ndizo sare na madaftari ya mtoto wetu aliyeingia kidato cha kwanza," alituambia. "Mimi sikumlaumu, maana nilimwona halali. Lakini kila chupa ikiisha namuuliza, Baba, umepata nafuu? Naye anajibu, bado kidogo."

Maneno hayo, "bado kidogo," ndiyo yaliyotufanya tuandike makala hii.

Sikio huumiaje?

Sauti inapoingia sikioni hutikisa ngoma ya sikio. Ngoma hutikisa vifupa vitatu vidogo, navyo hupeleka mtikisiko huo hadi kwenye chumba cha ndani kilichojikunja mfano wa nyumba ya konokono. Chumba hicho kina maji, na ndani yake zimo chembe hai zipatazo 15,000 zenye vinyweleo vidogo sana. Mtikisiko hupinda vinyweleo hivyo, na chembe hizo hupeleka habari kwenye ubongo kupitia mshipa wa fahamu.

Tufikirie shamba la mtama. Upepo ukivuma, mabua huinama na kuinuka tena. Lakini kundi la ng'ombe likipita humo, mabua huvunjika na hayainuki. Sauti ya kawaida ni upepo. Kelele kali, au kelele ya wastani inayodumu kutwa nzima kwa miaka, ni kundi la ng'ombe.

Ajabu ni kwamba kuku akiharibikiwa na chembe hizo za sikio huotesha nyingine. Wataalamu walilithibitisha jambo hilo kwa ndege katika miaka ya 1980. Binadamu hatuna bahati hiyo. Chembe za sikio letu zikifa hazioti tena, na hadi leo hakuna kidonge wala sindano iliyothibitishwa kuziotesha.

Kelele hupimwa kwa kipimo kiitwacho desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Wataalamu wa afya kazini wanakubaliana kwamba desibeli 85 ziwe mpaka kwa kazi ya saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda wa usalama hupungua kwa nusu: kwa desibeli 88 ni saa 4, na kwa desibeli 91 ni saa 2 tu. Kama huna kipimo, tumia kipimo cha mdomo. Ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono mmoja akusikie, mahali hapo pana kelele ya kuharibu masikio.

Basi si wenye mashine za kusaga tu. Yumo fundi wa kuchomelea na kukata vyuma, mpasua mbao kwa msumeno wa injini, mchimba madini, askari, na dereva wa trekta. Wamo pia vijana wanaokaa karibu na spika kwenye harusi, wapiga kinanda wa kwaya zetu wanaosimama mbele ya spika hizo, na watoto wanaolala na vipokea sauti masikioni.

Kwa nini sikio lililoumia lipige kelele?

Mtu angedhani kwamba sikio lililokufa sehemu lingekuwa kimya. Tukumbuke mtu anayetafuta stesheni ya redio iliyo mbali. Sauti haifiki vizuri, naye anazidi kufungulia redio. Mwishowe anasikia mikwaruzo na mvumo wa redio yenyewe. Ubongo nao hufanya hivyo. Ukikosa habari kutoka kwa chembe zilizokufa, huongeza nguvu ya kusikiliza, na katika kuongeza huko hutokea mlio usio na chanzo nje.

Kwa hiyo mgonjwa hadanganyi, wala hajarogwa, wala hana wazimu. Mlio anausikia kweli. Lakini pia tuone jambo la pili lililo muhimu kwa mfuko wetu: mvumo huu hautokani na upungufu wa kitu fulani katika damu ambacho chupa ya vidonge ingekijaza. Unatokana na chembe zilizovunjika na ubongo unaozitafuta.

Vidonge vinavyouzwa

Wauzaji hawakosi maneno, na baadhi ya maneno yao yana chembe ya ukweli. Tuvitazame vidonge hivyo kimoja kimoja.

Ginkgo. Hii ni dawa inayotengenezwa kwa majani ya mti wa asili ya China. Husemwa kwamba huongeza mzunguko wa damu sikioni. Mwaka 2001 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya jaribio kubwa la watu 1,121 wenye mvumo wa masikio. Nusu walipewa ginkgo kwa wiki 12, na nusu walipewa vidonge vya bandia vinavyofanana lakini visivyo na dawa. Hakuna aliyejua anameza kipi. Kati ya watu 360 waliohesabiwa kwa upande wa ginkgo, 34 walisema mvumo unawasumbua kidogo kuliko zamani. Kati ya watu 360 wa vidonge vya bandia, waliosema hivyo walikuwa 35. Mwaka 2022 wataalamu wengine walikusanya majaribio 12 yenye watu 1,915, nao hawakuona faida ya maana.

Zinki. Madini haya yanahitajika mwilini, nasi huyapata katika nyama, maharage, karanga na nafaka zisizokobolewa. Mwaka 2013 yalitolewa matokeo ya jaribio la Marekani kwa wazee 116 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Walionufaika na zinki walikuwa asilimia 5, na walionufaika na vidonge vya bandia asilimia 2. Tofauti hiyo ni ndogo mno, haitoshi kuiita tiba.

Magnesi. Hapa pana habari ya kweli inayopindishwa. Mwaka 1994 madaktari wa Israel walieleza jinsi walivyowapa askari wapya magnesi kila siku kwa miezi miwili ya mafunzo ya kupiga bunduki. Kati ya askari 300, waliokunywa magnesi waliharibikiwa masikio kidogo kuliko wenzao. Lakini angalia vizuri, ndugu msomaji: waliinywa kabla ya kelele na wakati wa kelele, wakiwa pia na vizibo masikioni. Ilikuwa kinga. Haikuwa dawa ya kuondoa mvumo wa mtu aliyekwisha kuumia miaka kumi iliyopita.

Vitamini B12. Mwaka 1993 madaktari wa Israel waliwapima askari 113 waliokuwa wamekaa katika kelele za kijeshi. Kati ya wale wenye mvumo na usikivu uliopungua, asilimia 47 walikuwa na upungufu wa vitamini hiyo, na kwa wenye masikio mazima ilikuwa asilimia 19. Hili lina maana kwamba mtu anayekula nyama, samaki, mayai na maziwa kwa nadra sana anaweza kumwomba daktari ampime damu. Akikutwa na upungufu atibiwe upungufu huo, kwa kuwa unadhuru damu na mishipa ya fahamu. Asiyepungukiwa hana sababu ya kununua.

Mwaka 2014 chama cha madaktari wa masikio, pua na koo cha Marekani kilitoa mwongozo wake. Kiliwashauri madaktari wasiwape wagonjwa wa mvumo wa kudumu ginkgo, zinki, melatonini wala virutubisho vingine kama tiba ya mvumo huo.

Mbona wengine husema wamepona?

Swali hili tumeulizwa mara nyingi, na ni swali la haki. Mwaka 2016 yalichapishwa majibu ya watu 1,788 wa nchi 53 wenye mvumo. Karibu robo yao walikuwa wamejaribu virutubisho. Kati ya hao waliojaribu, asilimia 71 hivi hawakuona badiliko, asilimia 19 walisema wamepata nafuu, na asilimia 10 walisema hali imekuwa mbaya zaidi.

Wale waliopata nafuu hawasemi uongo. Lakini mvumo wenyewe hupanda na kushuka. Mtu hununua dawa siku mvumo umepanda sana, na ukishuka kwa desturi yake husema ni dawa. Mvumo unaompata kijana baada ya usiku mmoja wa muziki mara nyingi huisha wenyewe kwa siku moja au mbili, hata akinywa maji matupu. Tena ubongo huzoea. Baada ya miezi kadhaa watu wengi huacha kuusikiliza mlio, kama mkazi wa kando ya barabara asivyosikia magari. Na matumaini nayo humtuliza mtu akalala, na aliyelala vizuri husumbuka kidogo.

Kidonge si chakula tu

Wengine husema, "Ni kirutubisho tu, kisiposaidia hakidhuru." Si kweli kila mara. Ginkgo inaweza kuongeza hatari ya kutoka damu, hasa kwa anayetumia aspirini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda, au anayesubiri upasuaji. Zinki nyingi kwa muda mrefu huuondolea mwili madini ya shaba, na hapo hufuata upungufu wa damu na ganzi ya miguu. Vitamini B6 ikizidi huharibu mishipa ya fahamu. Magnesi huharisha, na kwa mwenye ugonjwa wa figo ni hatari. Anayetumia dawa za shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wowote wa kudumu asianze kirutubisho bila kumwuliza daktari wake.

Hasara kubwa kuliko zote ni muda. Yule baba wa mashine alimeza chupa sita huku akiendelea kusimama kando ya injini, masikio wazi. Kila siku aliyokuwa akisubiri kidonge kifanye kazi, mabua mengine ya mtama yalikuwa yanavunjika.

La kufanya

Kwanza, nenda ukapimwe. Anza na zahanati au kituo cha afya. Mhudumu ataangalia kama sikio limezibwa na nta au lina usaha. Mvumo unaotokana na nta huweza kwisha nta ikiondolewa. Usijichokoe kwa njiti ya kiberiti wala ufunguo. Ikibidi utapelekwa hospitali yenye kliniki ya masikio, pua na koo ili upimwe usikivu.

Pili, peleka dawa zote unazotumia. Kwinini na aspirini kwa kipimo kikubwa huleta mvumo, ambao mara nyingi huondoka dawa ikiisha. Sindano za streptomaisini na gentamaisini zinaweza kuumiza sikio moja kwa moja. Usiache dawa uliyoandikiwa kwa uamuzi wako, bali mweleze daktari mapema.

Tatu, usingoje ukiona dalili hizi: kusikia kumepotea ghafla kwa siku moja au chache, mvumo uko sikio moja tu, unadunda pamoja na mapigo ya moyo, au umekuja na kizunguzungu, maumivu au uso kupooza. Kusikia kunakopotea ghafla ni jambo la dharura, kwa sababu matibabu yake hufaa zaidi katika siku za mwanzo.

Nne, kinga kilichobaki. Vizibo vya sponji vikiingizwa sawasawa hupunguza kelele sana. Kifinyange kati ya vidole kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa mkono mwingine, kiingize, na ukishikilie hadi kitanuke. Vifunika masikio vya kiwandani navyo ni vizuri. Pamba kavu haitoshi. Pia sogea mbali na injini, weka bomba la moshi nje, kaza na paka mafuta sehemu zinazogongana, pokezaneni zamu.

Tano, epuka kimya kizito usiku. Wengi hujifungia chumbani wakitafuta utulivu, kumbe kimya ndicho kinachoupa mvumo nafasi. Weka redio kwa sauti ndogo sana, au feni, au fungua dirisha sauti za usiku ziingie. Sauti hiyo iwe chini kidogo ya mvumo. Lengo si kuufunika, ni kuupa ubongo kitu kingine cha kusikiliza.

Sita, aliyepungukiwa na usikivu aulize habari za kifaa cha kusaidia kusikia. Ubongo ukipata tena sauti uliyokuwa ukiikosa, kwa wengi mvumo hurudi nyuma.

Saba, zungumza na mtaalamu wa ushauri. Njia iliyochunguzwa zaidi ni mazungumzo ya kumfundisha mgonjwa kubadili mawazo na mazoea yake juu ya mvumo. Mwaka 2020 yalikusanywa majaribio 28 yenye watu 2,733, na yalionyesha kwamba njia hiyo inaweza kupunguza jinsi mvumo unavyowasumbua watu. Haizimi mlio. Humfanya mtu aweze kulala, kufanya kazi na kucheka na watoto wake ingawa mlio upo.

Familia isaidie vipi?

Mvumo hauonekani, kwa hiyo ni rahisi jamaa kusema, "Unajitakia." Tusifanye hivyo. Mwenye mvumo asiyelala huwa mkali, hujitenga, na wengine hukata tamaa kabisa. Ukimsikia ndugu yako akisema afadhali afe, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kwa siku za kawaida, ongea naye ukimtazama usoni, usimwite kutoka chumba kingine, na umpunguzie maswali ya kila saa, "Bado unasikia?" Kila swali la namna hiyo humrudisha kuusikiliza.

Kama ndani ya nyumba kuna fedha ya chupa moja ya vidonge, kaeni pamoja mpange. Jozi za vizibo, nauli ya kwenda kliniki na kipimo cha usikivu ni matumizi yenye faida zaidi kuliko chupa hiyo.

Baba wa mashine alikubali kwenda kupimwa. Mkewe alimsindikiza. Mhudumu aliwaeleza kwa upole kwamba sikio halitarudi kuwa la ujana wake, na kwamba vidonge alivyoleta havina kazi hapo. Alituambia kwamba neno hilo lilimuuma, kisha likampumzisha, kwa kuwa alikuwa amechoka kungoja. Sasa anavaa vifunika masikio, amemwajiri kijana wa kupokezana naye, na kijana huyo pia anavivaa. Usiku redio ndogo hubaki imefunguliwa karibu na dirisha. Mvumo upo. Lakini siku hizi, anasema, kuna usiku ambao hukumbuka asubuhi kwamba hakuusikiliza.

Na yule mtoto wa kidato cha kwanza? Likizo iliyopita alikwenda kumsaidia baba yake mashineni. Kabla ya kuwasha injini, baba alimwita, akampa vizibo viwili, akamwonyesha jinsi ya kuvifinyanga.